Makombora Sita ya Lomaro

Katika vilima vya Konoin, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mogogosiek, chai imelala juu ya mabonde kama zulia lililotandikwa na mtu asiyependa mikunjo. Katikati ya zulia hilo kuna shule ya kutwa iitwayo Kiptuiyet. Shule hiyo haina basi wala bweni, na ukumbi wake ni darasa la Kidato cha Kwanza lililotolewa madawati. Hata hivyo ina kitu kimoja ambacho wanafunzi wake hukionea fahari kuliko mwalimu mkuu anavyowaonea fahari ng'ombe wake wa maziwa. Kitu hicho ni chama cha Baraza la Mataifa, kinachokutana kila Ijumaa saa tisa. Hapo watoto wa wachuma chai huketi na kugawana dunia kama wanavyogawana mahindi ya kuchoma.

Kiongozi wa chama hicho alikuwa Phanice Nyabate wa Kidato cha Tatu, msichana mwembamba kama ufito, mwenye ulimi mwepesi na masikio yaliyokuwa yameanza tu kujifunza kazi. Wazazi wake walihamia huku kutoka milima ya Kisii kabla hajazaliwa, na mama yake, Bilhah, alikuwa mchuma chai ambaye vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko maneno ya wengi. Phanice alikipenda chama kile kama mboni ya jicho lake. Naye ndiye aliyekaribia kukiua.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka shule za eneo hilo hushindana mjini Kericho katika mchezo mmoja mgumu. Kila timu hupewa kuongoza dola kubwa, nao waamuzi hucheza nchi ndogo, adui, yenye silaha za nyuklia. Timu huandika barua na kutoa amri, waamuzi hujibu, na kazi ya timu ni moja tu: kuizuia ile nchi ndogo isirushe silaha zake. Mwaka uliotangulia, Phanice aliingia mchezoni akiwa na akili ya mtu wa chai. Kichaka cha chai kikizeeka na kuwa kikaidi, hupogolewa kwa panga hadi kimo cha goti, na baada ya miezi michache huchipua upya kikiwa laini kama majani ya mchicha. Basi akamwandikia mtawala wa nchi ile: "Ukiendelea na ukaidi wako, tutaipogoa nchi yako hadi gotini, ichipue upya chini ya kiongozi mwingine."

Akaketi, ameridhika. Mwamuzi aliyemcheza mtawala akaisoma barua mara mbili, akatafuta jina lake katika machipukizi yale, asilione. Mtu asiye na kesho haogopi leo. Akarusha kila alichokuwa nacho. Watu milioni tatu wakafa kwenye karatasi kabla ya chai ya saa nne. Kiptuiyet wakarudi nyumbani na cheti cha kushiriki, na Phanice akarudi na jina jipya: Bi Panga.

Jina hilo lilimfuata kama mbwa wa jirani. Akienda kwenye bomba la maji, wavulana walijikunyata. "Bi Panga, usinipogoe mimi, bado sijakomaa," mmoja alisema. Phanice alikuwa akicheka pamoja nao, kwa kuwa alijua kwamba utani ukikataliwa hunenepa. Lakini mwalimu mkuu hakuwa akitania. Muhula huu alimwita Mwalimu Masese, mlezi wa chama, akamwambia wazi kwamba wakishindwa tena, Ijumaa saa tisa itakuwa kipindi cha Hisabati, na chama kitafungwa. "Dunia itajilinda yenyewe," alisema.

Mwalimu Masese alimpasha Phanice habari hiyo bila kuipaka asali. "Na wenzako wananiomba nimweke Ogada mbele mwaka huu," aliongeza.

"Na wewe, mwalimu, unataka nani?"

"Mimi nataka mtu aliyekwisha kuungua. Asiyeungua huchezea moto."

"Basi usihangaike kutafuta," Phanice alisema. "Mimi nimeungua nikaiva."

Mwalimu Masese alijitahidi asicheke, akashindwa. "Ukishindwa safari hii, Phanice, hakuna mwaka mwingine. Hilo ulijue."

"Nalijua, mwalimu. Ndilo ninaloamka nalo."

Jumamosi kabla ya shindano, Phanice alimsaidia mama yake kuchuma chai katika robo ekari waliyoikodi. Vidole vyake vilichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, lakini mawazo yake yalikuwa Kericho. Ghafla mama yake akamshika mkono.

"Simama hapo hapo, mheshimiwa balozi. Huoni utepe?"

Juu ya kichaka kilichokuwa mbele yake palifungwa utepe mwekundu wa nailoni. Chini ya majani, nyigu waliingia na kutoka kwa kiburi cha wenye nyumba.

"Si tuwachome tu, mama? Nyigu ni nyigu."

"Hivyo ndivyo Mochama alivyosema mwezi uliopita," Bilhah alijibu bila kuacha kuchuma. "Nyigu ni nyigu. Akapiga kiota kwa fimbo, mwanamume mzima na ndevu zake. Alifika nyumbani na uso uliovimba hata mkewe akamkaribisha kwa heshima na kumpa kiti, akidhani ni mgeni kutoka mbali."

Phanice alicheka hadi kikapu kikamteleza mgongoni. Kisha akauliza, nusu kwa utani, nusu kwa haja: "Sasa kama wanatisha hivyo, mbona hamwaachii shamba lote?"

"Tuwaachie shamba, halafu sisi tule nini? Wao wana kichaka kimoja. Wakikaa kwenye kichaka chao, sina habari nao. Wakitoka kunifuata, pale mwisho wa mstari kuna nini?"

Phanice akageuka. Mwisho wa mstari palikuwa na kopo kuukuu la rangi, limejaa nyasi zilizokuwa zikifuka polepole. "Moshi," alisema.

"Na mwilini nimevaa nini?"

"Aproni ya plastiki."

"Na umenisikia nikiwapigia kelele kwamba nitawamaliza ukoo mzima?"

"Hapana, mama."

"Basi. Moshi uwe tayari, ngozi iwe imefunikwa, alama ya mpaka ionekane, na nyumba yao uiache. Kelele ni za Mochama."

"Lakini nyigu hawajui maana ya utepe."

"Utepe si wa nyigu, ni wako wewe," Bilhah alisema. "Nyigu hasahau alipo. Ni sisi wenye akili tunaojisahau. Haya, chuma. Kikapu hakijai kwa maswali."

Phanice alichuma, lakini siku ile kikapu chake kilikuwa chepesi kuliko kichwa chake.

Siku ya shindano ilifika. Katika fainali zilibaki timu mbili: Kiptuiyet, na shule ya bweni ya Tililwet, ambayo wachezaji wake walivaa koti na tai na kubeba mafaili ya ngozi. Nahodha wao, Zack, alikuwa kijana mwenye akili kali kama wembe, na kama wembe, alipenda kukata. Aliwakuta Kiptuiyet wakisubiri mlangoni mwa ukumbi wa kanisa.

"Kumbe ndiye Bi Panga," alisema. "Mmekuja na panga, au mmeliacha Konoin?"

"Tumeliacha," Phanice alijibu. "Tulisikia huku kwenu hakuna kilichokomaa cha kukata."

Ogada, aliyekuwa mrefu kuliko mlango na ambaye baba yake aliongoza zamu katika kiwanda cha majani chai, aliangua kicheko. Mwenzao wa tatu, Janeffer Chepkorir, msichana wa Kipsigis asiyesema neno kabla hajalipima, alitabasamu tu.

Zack hakujali. Alifungua karatasi ya maelezo waliyopewa wote asubuhi hiyo. "Lomaro," alisoma. "Makombora sita. Bandari moja. Njaa kila mwaka. Hii si nchi, hiki ni kijimji cha Kapsoit kilichopewa bendera."

"Kapsoit kuna nini, kijana?" sauti nzito iliuliza nyuma yake. Alikuwa mwamuzi mkuu, Meja Alexander, mwanajeshi mstaafu ambaye, kama kila mtu isipokuwa Zack alivyojua, alizaliwa Kapsoit na kufuga kuku huko.

"Kuna soko zuri sana, afande," Zack alisema.

"Mm," Meja alijibu, akaingia ndani.

Kanuni za fainali zilikuwa rahisi. Timu zote mbili zingepewa tatizo lile lile, moja baada ya nyingine, ya pili isiione ya kwanza ikicheza. Lomaro, nchi ndogo inayotawaliwa na Jenerali mmoja, imekiteka kisiwa cha chumvi cha jirani yake Pendawe, ambayo ni rafiki wa Dola Kuu. Jenerali ametangaza kwamba yeyote atakayeingilia, ataona mji mkuu wa Pendawe, wenye watu milioni mbili, ukiteketezwa. Timu ndiyo Dola Kuu. Ina mabomu elfu moja, na zamu nne za kuyafanya yale sita yakae chini. Meja na wasaidizi wake wangekuwa Jenerali. Katika bahasha iliyofungwa mezani pa Meja mliandikwa jambo ambalo Jenerali analijali kuliko yote, na bahasha hiyo isingefunguliwa hadi mwisho.

Tililwet walitangulia. Kiptuiyet wakapelekwa jikoni mwa kanisa kungoja, kati ya sufuria na magunia ya kabichi. Kupitia ukutani walisikia makofi. Baada ya kitambo, makofi tena, ya tatu, ya nne, na vigelegele juu yake. Kisha mvua ya Kericho, isiyobisha hodi, ikaanguka juu ya mabati, na wasisikie kitu kingine.

"Makofi mara nne," Ogada alisema. "Wamemaliza hao. Sisi tunakwenda kuaga tu."

Moyo wa Phanice ulishuka kama ndoo kisimani. Aliiona Ijumaa saa tisa, ubao umejaa milinganyo, na yeye ameketi nyuma akijua ni nani aliyeileta.  "Tunakwenda kucheza," alisema. "Kama ni kuzikwa, tuzikwe tukiwa tumesimama wima."

Walipoingia, ukumbi ulikuwa kimya, nao hawakujua kama ni kimya cha heshima au cha msiba. Zack na wenzake walikuwa wameketishwa mstari wa mbele, wamekatazwa kusema neno. Mwalimu Masese aliketi nyuma, mikono kati ya magoti, kama mtu anayesubiri habari hospitalini.

Zamu ya kwanza ilianza. Walikuwa na dakika kumi. Ogada alishika kalamu kabla ya mtu yeyote. "Tumwambie hivi: ukithubutu, tutaifuta Lomaro kwenye ramani, watu na mbuzi wao. Tuna elfu moja, yeye ana sita. Hesabu si ngumu."

"Na watu wa Lomaro wamekosa nini?" Chepkorir aliuliza. "Hao ndio wanaolala njaa. Jenerali hawapendi. Ukimwambia utawaua, umemtishia kitu asichokithamini."

"Basi tumpe hicho kisiwa, yaishe."

"Ukimpa kisiwa leo, kesho atataka bandari," Chepkorir alisema. "Kwetu wazee wanasema ng'ombe akionja mahindi ya jirani, ua haumzuii tena."

Wote wawili wakamtazama Phanice. Aliona jinsi alivyofanya mwaka uliopita: alivyomfungia mtu mlango kisha akamlaumu kwa kuvunja dirisha. Akaona pia kichaka kimoja, mstari ukipita pembeni yake, na moshi ukingoja bila kupiga kelele.

"Tusimdharau na tusimwogope," alisema. "Kwanza Pendawe wavikwe aproni."

"Wavikwe nini?"

"Mitambo ya kudungua makombora. Tuipeleke huko leo. Sita yakija, yakutane na kinga, asiwe na hakika hata moja litafika. Kisha barua, fupi, ipelekwe na mjumbe mkononi mwake. Isitangazwe redioni. Mtu ukimwaibisha mbele ya watu wake, hawezi kurudi nyuma hata akitaka."

Wakaandika. Barua ilisema: "Jenerali, makombora yako tumeyahesabu, ni sita. Likiruka hata moja kuelekea Pendawe au kwetu, hatutawatafuta wakulima wako. Tutakutafuta wewe, na makamanda wako walioshika funguo, siku hiyo hiyo, na tunajua mlipo. Yasiporuka, kiti chako si shauri letu. Wa kukupa au kukunyima ni watu wako. Kisiwa si chako. Ukikiacha, chumvi yake mtainunua kwa Pendawe kwa bei ya kawaida, na meli za mahindi zitapita bila kusumbuliwa."

Meja alisoma, uso wake ukiwa kama mlango uliofungwa. Akanong'onezana na wasaidizi wake. Zamu ya pili, jibu likaja: Lomaro imerusha kombora moja la majaribio, nje ya yale sita, lisilo na kichwa cha nyuklia, likapita juu ya maji na kuanguka baharini mbali na kila mtu.

Watu ukumbini wakanung'unika. Ogada aliruka. "Amevuka. Tulisema hata moja. Tusipompiga sasa, tutaonekana waongo."

"Tulisema kuelekea Pendawe au kwetu," Phanice alijibu. "Limekwenda kwa samaki."

"Anatupima."

"Anatupima kweli. Na anayepimwa hapigi kelele, anaonyesha kimo." Aliwaza kwa dakika nzima, huku saa ya ukutani ikimtafuna. Kumpiga ni kutimiza ahadi ambayo hawakuitoa. Kunyamaza ni kumfundisha kwamba utepe ni kitambaa tu. "Toa amri. Nyambizi yetu moja ipande juu ya maji mbele ya bandari yake, mchana, aione kwa macho. Ikae saa moja, izame tena, asijue imekwenda wapi. Na meli zinazomletea magari yake ya kifahari zisimame. Za mahindi ziendelee."

"Hakuna barua?" Chepkorir aliuliza.

"Barua anayo. Tukiandika nyingine, ile ya kwanza itakuwa porojo."

Kwa mara ya kwanza, nyusi ya Meja ilipanda kidogo, kisha ikakumbuka kazi yake na kushuka.

Zamu ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Redio ya Lomaro iliwatukana Dola Kuu kwa nusu saa, ikamwita kiongozi wao kuku wa kienyeji aliyevaa manyoya ya tai. Lakini pamoja na matusi hayo ulikuja ujumbe wa siri: Jenerali hatarusha kitu; badala yake atawapa waasi wa nchi nyingine bomu moja, na likilipuka popote, nani atajua ni lake?

 Chepkorir aliuma mfuniko wa kalamu. Ogada aliusoma tena ule ujumbe. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali: "Baba anasema kiwandani, kila gunia la chai lina alama. Likipatikana na kasoro hata Mombasa, wanajua limetoka zamu gani."

Phanice alimgeukia kama mtu aliyeokota shilingi barabarani. "Rudia."

"Kila gunia lina alama ya—"

"Hapo hapo. Andika, Ogada, hii ni yako."

Ogada akaandika, mwandiko wake mkubwa ukijaza ukurasa: "Jenerali, bomu lina alama ya mahali lilipopikwa, na wataalamu wetu wanaijua ya kwenu. Utakalompa mtu, tutalihesabu kuwa umelirusha kwa mkono wako, popote litakapolipuka na yeyote atakayelibeba. Adhabu ni ile ya barua ya kwanza. Matusi tumeyasikia. Hayo ni yako, endelea nayo."

Zamu ya nne. Meja alikaa na wasaidizi wake muda mrefu kuliko zamu zote. Alipoinuka, alisoma kwa sauti isiyo na rangi: "Tangazo la Lomaro. Jenerali, simba wa bahari, baada ya kuidhalilisha Dola Kuu na kuifundisha adabu, kwa huruma yake amewaamuru askari wake waondoke kisiwani. Makombora yamerudishwa ghalani. Wananchi washerehekee ushindi."

Watu wakacheka. Ogada hakucheka. "Ati ametudhalilisha. Tumjibu."

"Tumpongeze," Phanice alisema, na safari hii hata Chepkorir alishindwa kujizuia. "Mwache ajisifu. Kisiwa kimerudi. Sifa haziliki."

Kengele ikalia. Lakini Meja Alexander hakuketi. Alitembea hadi mbele ya meza yao, akaweka mikono nyuma, akamtazama Phanice kama mwanajeshi anayekagua bunduki.

"Binti, Jenerali angali kwenye kiti chake. Makombora yake sita hujamnyang'anya hata moja. Anaimba redioni kwamba amekushinda. Sasa wewe umeshinda nini?"

 Nyuma, Mwalimu Masese aliinua kichwa. Phanice alitazama mikono yake, iliyokuwa na weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni, akaona haya kwa nusu sekunde, kisha haya ikageuka kuwa kitu kingine.

"Afande, ni kweli, anayo yote sita," alisema. "Na Pendawe wana mji wao. Watu milioni mbili wameamka leo wakaenda sokoni, na wengi hawajui kwamba palikuwa na jambo. Sijamaliza kazi. Kwetu chai haiishi kuchumwa. Unamaliza shamba leo, na baada ya siku kumi unarudi kwenye kichaka kile kile. Hakuna anayesema umeshindwa kwa sababu umerudi. Ukiacha kurudi, hapo ndipo umeshindwa. Kesho tutamwangalia tena, na kesho kutwa."

 Meja alirudi mezani, akaichana ile bahasha mbele ya watu wote, akasoma karatasi iliyokuwamo. "Jenerali wa Lomaro," alisoma, "anajali jambo moja kuliko yote: kuishi, na kubaki kwenye kiti chake. Akiwa na hakika ya hilo, hatarusha. Akikata tamaa ya hilo, atarusha yote."

Kisha akazigeukia timu zote mbili.

"Timu ya Tililwet," alisema, "ilimwambia Jenerali ana saa ishirini na nne za kukabidhi makombora na nafsi yake. Alipokataa, waliyashambulia. Walikuwa hodari sana. Waliyateketeza manne moja baada ya jingine, na ninyi mkayapigia makofi kila moja. Kwenye mtihani, manne kati ya sita ni alama nzuri. Niliwauliza kwa nini hawakupeleka kinga Pendawe kwanza. Nahodha wao akanijibu kwamba nchi ndogo kama ile haina ujasiri wa kujibu." Akaiweka chini karatasi ya bahasha. "Mawili yaliyobaki yaliruka. Mji mkuu wa Pendawe haupo. Kelele za mvua ziliwanusuru Kiptuiyet wasisikie jinsi ukumbi huu ulivyonyamaza."

Akachukua karatasi ya pili. "Timu ya Kiptuiyet. Waliofariki: hakuna. Katika miaka yote niliyoendesha mchezo huu sijaandika neno hilo mahali hapo. Leo nimeliandika kwa kalamu ya wino, ili nisije nikashawishika kulifuta. Hao ndio watakaokwenda Nairobi kwenye mashindano ya taifa."

Makofi yaliyofuata hayakuwa manne wala arobaini. Yalikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, na wapishi wa kanisa walitoka jikoni na miiko yao kuja kuona ni nani wanaopigiwa. Ogada alimnyanyua Chepkorir hewani, jambo ambalo Chepkorir hakuwa amelipima, naye akamwagiza amrudishe chini mara moja. Mwalimu Masese alikuwa tayari amebana simu sikioni, akiongea na mwalimu mkuu kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba simu hufika mbali bila kupigiwa kelele. Alipokata, alikuja hadi kwa Phanice.

"Anasema Ijumaa ni yenu, na za mwaka ujao," alisema. "Hisabati itatafutiwa siku nyingine. Na anauliza kama uko tayari kuwafundisha Kidato cha Kwanza."

"Mwambie niko tayari, mwalimu," Phanice alisema, "ila watakalia sakafu. Madawati yao hatuyarudishi hadi waelewe."

Zack alikuja wakati watu walipokuwa wakitawanyika. Tai yake ilikuwa imelegezwa, na wembe wote ulikuwa umemtoka usoni. Alimpa Phanice mkono kiungwana.

"Yalikuwa sita tu," alisema. "Sisi tulikuwa na elfu moja. Nilihesabu tena na tena, na kila mara hesabu ilinipa mimi ushindi."

"Hata mimi mwaka jana ilinipa," Phanice alimjibu, akimshika mkono kwa nguvu, bila kinyongo. "Njoo Konoin siku moja. Mama atakutania mpaka ujute, lakini utaondoka umejifunza."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa furaha na mwingine kwa kujikaza. Phanice akatoka nje na wenzake, mabega juu kama mtu aliyebeba gunia la majani mabichi lililojaa na lisiloweza kurudishwa na karani yeyote wa kupima chai. Na vilima vikashuhudia kwamba dola yenye mabomu elfu moja iliangushwa na makombora sita iliyoyacheka, ilhali watoto wa wachuma chai waliyaheshimu yale yale sita na wakauokoa mji mzima. Kwani aliye mkubwa na aliye mdogo wote hukanyaga ardhi moja, na mdharau mwiba, mguu huota tende.